Pindo, mji na jina: namna ninavyopanga leya za mchoro wa kanga kwenye Inkscape

Kanga ina sehemu tatu, na kila anayeivaa anazijua: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina linaloandikwa kwa herufi kubwa upande wa chini wa mji. Mchoraji akikaa kwenye kompyuta angetakiwa aanzie hapo hapo. Lakini mafaili mengi ninayoletewa niyarekebishe yana leya moja tu, yaani tabaka moja la mchoro, imebaki na jina lile lile la kiwandani, Layer 1, na ndani yake mna mapambo yenye umbo la korosho, mawimbi, nukta, herufi, pamoja na picha ya kanga ya zamani iliyofuatishwa. Vyote vimerundikana. Ukitaka kushika herufi unashika pindo. Ukitaka kusogeza ua moja, rangi ya chini yote inakuja nalo. Mteja akisema "badilisha jina tu", kazi ya dakika tano inageuka ya usiku kucha.

Mimi nachora kanga za shughuli: harusi, sendofu, maulidi, sherehe za vikoba. Natumia Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, kwa sababu ni ya bure, inakubali laptop ya zamani, na faili lake ni SVG ambalo programu nyingine zinalisoma. Ninayoeleza hapa ni ya toleo la 1.2, lililotoka mwaka 2022, na yaliyofuata. Kwenye matoleo ya nyuma leya na vitu vilikuwa na paneli mbili tofauti. Sasa viko pamoja, na kazi imekuwa nyepesi sana.

Swali la kujiuliza kabla ya kuchora

Vijana huniuliza watenge leya ngapi. Mimi idadi siihesabu. Kwa kila kitu ninachotaka kuchora najiuliza: kuna siku nitataka kukificha hiki bila kuficha kile? Kuna siku nitataka kukifunga kisiguswe? Kuna mtu nitampelekea hiki peke yake? Jibu likiwa ndiyo, kinapata leya yake. Likiwa hapana, kikae na wenzake.

Ndiyo maana sitengi leya ya maduara na leya ya mistari. Nukta za pindo ni maduara, na moyo wa ua pia ni duara, lakini hakuna mteja atakayesema nimwondolee maduara. Atasema pindo ni zito, au mji umejaa mno, au jina halimfurahishi. Leya zifuate kauli hizo.

Na jina ndilo linalobadilika kuliko chochote. Mama wa bwana harusi atachagua jina Jumatatu, Jumatano anapiga simu: "Mwanangu, lile jina litoe. Wifi yangu kalisoma, anasema anajua limemlenga nani."

"Sawa mama, nitakuletea mengine uchague."

Ana haki yake. Jina la kanga ni maneno anayoambiwa mtu mbele ya watu, na anayelivaa ndiye atakayeulizwa. Mchoraji anatakiwa awe tayari kulibadilisha mpaka dakika ya mwisho bila kununa, na utayari huo unatengenezwa na mpangilio wa faili.

Ukurasa na leya za kuanzia

Kanga moja huwa na upana wa kama sentimita 150 na urefu wa kama 110, ingawa kila kiwanda kina vipimo vyake, kwa hiyo muulize mchapaji wako kwanza. Mimi naweka ukurasa mkubwa kidogo kuliko kitambaa, 160 kwa 120, ili nipate nafasi pembeni ya kuweka alama za kulenganisha rangi. Ukurasa unabadilishwa kwa Ctrl+Shift+D. Usiogope ukubwa: mchoro wa vekta, unaohifadhiwa kama maumbo na si kama pikseli, hauzidi uzito kwa sababu ya sentimita.

Kisha fungua paneli ya leya kwa Ctrl+Shift+L. Leya mpya unaiongeza kwa Ctrl+Shift+N. Programu itakuuliza jina na mahali pa kuikalisha, juu ya leya uliyopo, chini yake, au ndani yake. Hiyo ya ndani ni leya ndogo, nitaifikia. Ukitaka kubadilisha jina baadaye, bofya mara mbili kwenye jina lenyewe ndani ya paneli.

Kumbuka mpangilio wa paneli: kilicho juu kwenye orodha ndicho kilicho mbele kwenye mchoro. Kwa kanga, mimi kuanzia juu kwenda chini naweka hivi: alama, jina, pindo, mji, rejea.

Rejea ni picha ya kanga ya zamani au mchoro wa penseli niliopiga kwa simu. Inakaa chini kabisa, nimeifanya hafifu na kuifunga kufuli. Mji unabeba leya ndogo mbili: ya chini ni rangi inayojaza mji mzima, ya juu ni maua na korosho. Pindo nalo lina rangi ya chini na mapambo yake. Jina lina kisanduku na maandishi.

Alama ina misalaba midogo minne ya kulenganisha rangi, kwenye kona, nje ya kitambaa. Jina la kiwanda, kama lipo, nalo huwa maandishi madogo ukingoni mwa kitambaa, na hilo nalitengea leya yake chini ya alama, kwa sababu linachapwa kwenye kanga lakini si la mteja kulibadilisha. Waliozoea kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak wanayajua maandishi ya namna hiyo: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Watu wengine hawanunui mpaka wayaone.

Majina ya leya yaandike kwa lugha unayofikiria. Mimi naandika "pindo" na "mji" kwa sababu ndivyo mteja anavyosema kwenye simu, na mkono wangu unakwenda moja kwa moja.

Kuhamisha vitu vilivyokwisha kuchanganyika

Ukianza faili upya, kazi ni kuangalia tu uko leya gani kabla ya kuchora. Chini ya dirisha, karibu na rangi, kuna jina la leya uliyopo pamoja na jicho lake la kuonyesha na kuficha, na kufuli lake la kuizuia isiguswe. Lizoee. Inkscape ina tabia moja ambayo wengi hawaigundui: ukibofya kitu kwenye mchoro, unahamia kwenye leya ya kitu hicho papo hapo. Kwa hiyo unaweza kuwa umechagua "mji" kwenye paneli, ukagusa ukingo wa pindo kwa bahati mbaya, na korosho zote utakazochora baada ya hapo zikaingia kwenye pindo. Dawa ni kufunga kufuli leya usizozifanyia kazi. Leya iliyofungwa haibofyeki, kwa hiyo haiwezi kukuvuta.

Tabia nyingine ya kufanana na hiyo: ukibofya mara mbili kwenye kundi, unaingia ndani ya kundi, na kila utakachochora kinazaliwa humo humo. Ukiona jina usilolijua pale chini, bofya jina la leya yako kwenye paneli, utatoka.

Kwa faili lililokwisha kuvurugika, chagua vitu unavyotaka, kisha bonyeza Shift+Page Up vipande leya ya juu, au Shift+Page Down vishuke leya ya chini. Havisogei hata kidogo kwenye karatasi. Kinachobadilika ni leya tu. Ukiwa na leya nyingi na unataka kuruka kadhaa, fungua menyu ya Layer, chagua Move Selection to Layer, utapewa orodha. Unaweza pia kuvuta kitu kwa mausi ndani ya paneli, lakini kwenye mchoro wenye nukta mia mbili orodha inakuwa ndefu mno. Laptop nyingi ndogo hazina vitufe vya Page Up na Page Down. Shika Fn pamoja na mshale wa juu au wa chini.

Usichanganye na Page Up peke yake bila Shift. Hiyo inapandisha kitu mbele ya wenzake ndani ya leya ile ile. Na Ctrl+Shift+Page Up inapandisha leya nzima. Vidole vitazizoea zote tatu, lakini siku za mwanzo angalia paneli kila unapobonyeza.

Halafu kuna Ctrl+A. Watu wanadhani inachagua kila kitu. Inachagua vitu vya leya uliyopo tu. Ukitaka vya leya zote ni Ctrl+Alt+A, na hata hiyo inaruka leya zilizofichwa na zilizofungwa. Hili lina uzito mkubwa pale mchapaji anaposema upunguze mchoro mzima kwa sentimita mbili: fungua kufuli zote, onyesha leya zote, ndipo uchague na kupunguza. Usipofanya hivyo mji utapungua na pindo litabaki na ukubwa wake, na tofauti ya sentimita mbili kwenye skrini ya laptop huwezi kuiona kwa macho.

Majina mengi, mchoro mmoja

Ndani ya leya ya jina natengeneza leya ndogo kwa kila jina ambalo mteja analifikiria. Moja ina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, nyingine ina jina jingine, na kila moja ina kisanduku chake, kwa sababu urefu wa maneno haulingani na kisanduku lazima kiyafuate. Naacha jicho wazi kwenye moja, nyingine nazifunga macho. Kumtumia mteja picha za majina yote ni suala la kufungua na kufunga macho, na pindo na mji haviguswi.

Ukificha leya kubwa, zilizo ndani yake zinafichika pamoja nayo. Ukiifunga kufuli, nazo zinafungika. Kwa hiyo naweza kufunga "jina" zima nikiwa nahangaika na pindo, bila kukimbizana na leya ndogo moja moja.

Maandishi nayaacha yakiwa maandishi kwenye faili hili. Usiyageuze kuwa maumbo mapema, utajinyima nafasi ya kusahihisha herufi.

Pale mchoraji na mchapaji wanapotofautiana

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Mchoraji anapanga kwa sehemu: pindo, mji, jina. Mchapaji hana habari na sehemu. Yeye anachapa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na skrini yake, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, na anachotaka ni nyeusi yote ya kanga nzima pamoja, nyekundu yote pamoja, manjano yote pamoja. Mipangilio miwili inayopingana juu ya mchoro mmoja.

Nimeona watu wakijaribu kuibeba yote miwili ndani ya faili moja, kila sehemu ikiwa na leya ndogo za rangi. Inafanya kazi kwa mchoro mdogo. Kwa kanga inachosha, kwa sababu kila ukibadilisha rangi ya ua inabidi ulihamishe leya pia, na siku ukisahau, paneli inakudanganya. Mimi nashauri mafaili mawili. La kwanza ni la mchoro, limepangwa kwa sehemu, na ndilo la kudumu. La pili ni la rangi, linatoka kwenye la kwanza pale tu mteja anaposema sawa. Sahihisho lolote linafanyika kwenye faili la mchoro, halafu la rangi linatengenezwa upya. Kamwe usisahihishe kwenye la rangi peke yake. Ndani ya wiki utakuwa na kanga mbili tofauti zenye jina moja.

Tuchukue mfano wa kanga ya rangi tatu za wino. Mji ni wa manjano na korosho nyekundu. Pindo lina ukanda mweusi wenye nukta nyeupe na mawimbi mekundu. Jina ni herufi nyeusi kwenye kisanduku cheupe. Nyeupe si wino, ni kitambaa chenyewe, kama ilivyo kwenye kisutu cha harusi: nyekundu na nyeusi zinachapwa, nyeupe inaachwa.

Hifadhi faili kwa jina jipya lenye neno "rangi". Futa leya ya rejea na majina yaliyokataliwa. Fungua kufuli na macho yote.

Kwanza vunja kila kilichofungamana. Kama korosho zako ni nakala zinazofuata korosho mama, chagua zote kwa Ctrl+Alt+A kisha Shift+Alt+D ili kila moja ijitegemee. Geuza maandishi kuwa maumbo kwa Ctrl+Shift+C. Halafu vitu vyenye mjazo wa rangi moja na mstari wa pembeni wa rangi nyingine: hivyo ni kitu kimoja chenye rangi mbili, na hakiwezi kukaa kwenye leya mbili. Vichague, bonyeza Ctrl+Alt+C, mstari utageuka umbo lake mwenyewe. Hatua hizi zinaacha makundi nyuma yake, kwa hiyo malizia na Ctrl+Shift+G, rudia mpaka hakuna kundi lililobaki.

Sasa nyeupe, na hapa polepole. Nukta nyeupe juu ya ukanda mweusi zinaonekana sawa kwenye skrini, lakini chini ya kila nukta ukanda bado ni mweusi mzima. Leya ya nyeusi ikitolewa peke yake, nukta hazimo, na mchapaji atachapa ukanda mweusi usio na nukta hata moja. Nukta lazima ziwe matundu. Funga kufuli leya ya jina kwanza ili kisanduku chake cheupe kisiingie. Bofya nukta moja, nenda menyu ya Edit, Select Same, Fill Color. Nukta zote zinachaguliwa. Bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha ziungane kuwa umbo moja. Shika Shift, bofya ukanda mweusi, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Kilicho juu kinakata kilicho chini. Pitisha kitu cha rangi yoyote nyuma ya ukanda na kitaonekana kupitia nukta. Fungua tena kufuli la jina: kisanduku chake nacho kinatakiwa kukata manjano ya mji kwa njia hiyo hiyo. Herufi nyeusi ziache, zinachapwa juu ya kitambaa.

Mawimbi mekundu juu ya ukanda mweusi ni jambo jingine. Nyekundu haiwezi kuonekana ikichapwa juu ya nyeusi, kwa hiyo nayo inahitaji tundu, lakini wimbi lenyewe bado unalihitaji. Lidufu kwa Ctrl+D. Nakala hiyo ikiwa bado imechaguliwa, ipunguze kidogo kwa Inset kwenye menyu ya Path, kisha itumie hiyo kukata ukanda. Tundu linakuwa dogo kuliko wimbi, na nyekundu inaingia kidogo chini ya ukingo wa nyeusi. Kitambaa kinavutika na skrini hazikai mahali pale pale kila mara; bila huko kuingiliana, utaona uzi mweupe pembeni mwa kila wimbi kwenye kanga iliyokwisha kuchapwa. Kiasi gani kiingie, mchapaji ndiye anayeijua mashine yake. Muulize.

Korosho nyekundu juu ya manjano mara nyingi naziacha bila kukata, rangi nzito inafunika nyepesi. Ila baadhi ya wino wa nyekundu ukikaa juu ya manjano unaelekea machungwa. Hilo pia ni la kuuliza.

Kuhamishia kwenye leya za rangi

Tengeneza leya tatu juu kabisa, chini tu ya alama: nyeusi juu, nyekundu katikati, manjano chini. Fungua kufuli zote. Bofya kitu chochote chekundu, Select Same, Fill Color, na vyekundu vyote vya kanga vinachaguliwa, vya mji na vya pindo kwa pamoja. Vihamishie "nyekundu". Fanya hivyo kwa manjano, kisha kwa nyeusi. Leya ya alama ifunge kabla, maana misalaba nayo ni nyeusi na haitakiwi kuhama. Maandishi ya kiwanda hayo yaache yaende na rangi yake.

Ukimaliza angalia mambo mawili.

La kwanza ni mchoro wenyewe. Usibadilike. Nyeusi yote sasa iko mbele ya nyekundu yote, na nyekundu mbele ya manjano. Ikiwa kuna kitu kimetoweka ghafla, maana yake rangi nyepesi ilikuwa imelala juu ya rangi nzito na hukukata tundu. Skrini imekuonyesha kosa ambalo kitambaa kingekuonyesha baada ya kulipia. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z, kata, hamisha tena.

La pili ni leya za zamani. Fungua pindo, mji na jina kwenye paneli. Ndani yake pabaki vipande vyeupe tu, au pasibaki kitu. Ukikuta korosho moja imebaki kwenye mji, usiihamishe kwa mkono ukaendelea. Imebaki kwa sababu: Select Same inataka msimbo wa rangi ulingane kabisa. Korosho zako ni B3001B, na hiyo moja ni B3001C, kwa macho hazitofautiani. Ilitoka kwenye faili jingine, au mtu aliichovya rangi kutoka kwenye picha. Rudi kwenye faili la mchoro, irekebishe huko. Vipande vyeupe vilivyobaki havionekani juu ya ukurasa mweupe. Ukiwa na shaka, fungua menyu ya View, Display Mode, chagua Outline, kila umbo litaonekana kwa mstari wake.

Mimi naipenda hatua hii kuliko zote. Faili linajieleza lenyewe. Kila kilichokosewa kwenye rangi, kuanzia siku ya kwanza ya kuchora, kinabaki nyuma pale chini kikikusubiri.

Baada ya hapo hifadhi. Halafu ficha leya zote isipokuwa nyeusi na alama, hifadhi nakala ya PDF. Ficha nyeusi, onyesha nyekundu, PDF nyingine. Kisha manjano. Leya zilizofichwa haziingii kwenye PDF, na misalaba ya alama inakuwa mahali pale pale kwenye zote tatu, hivyo mchapaji anazilenganisha bila kubahatisha. Usimpe PNG: ukurasa wa sentimita 160 kwa nukta 300 kwa inchi unakuwa picha ya upana wa pikseli karibu 18,900, laptop itakwama, na kingo za herufi hazitashinda zile za vekta. Wachapaji wengine wanataka kila PDF iwe nyeusi tupu bila kujali wino utakaotumika. Ni rahisi: Ctrl+A ndani ya leya hiyo, bofya nyeusi kwenye safu ya rangi. Fanya hivyo kwenye nakala.

Ukitumia programu nyingine

Kwenye Illustrator paneli ni F7, na kuhamisha kitu unavuta ule mraba mdogo wa rangi ulio mkabala na jina la leya. Kwenye CorelDRAW, ambayo stationery nyingi za hapa mjini bado wanaitumia, tafuta paneli ya Objects, zamani ikiitwa Object Manager. Mawazo ni yale yale. Jihadhari unapomtumia mtu SVG: kiwango cha SVG chenyewe hakina leya. Inkscape inaandika kundi la kawaida na kulitia alama yake, groupmode, ili ijue kwamba hili ni leya. Programu isiyoijua alama hiyo itaona makundi tu. Mchoro haupotei, ila mpokeaji asishangae.

Kwa fulana nyeusi mpango ni ule ule, isipokuwa nyeupe inageuka kuwa wino, na mara nyingi inakuwa leya ya chini ya zote, kwa sababu rangi nyingine zinahitaji kukalia nyeupe ili zing'ae.

Mafaili yakiwa tayari, yape majina yanayosomeka bila kufunguliwa: jina la kanga, rangi, na tarehe. Ndani ya leya ya kila rangi, pembeni mwa msalaba mmoja, naandika pia jina la wino kwa herufi ndogo, kila rangi na sehemu yake ili maneno yasigongane, kwa sababu PDF zikishachapwa kwenye karatasi angavu za kutengenezea skrini, zote zinakuwa nyeusi na hakuna anayeweza kutofautisha skrini ya nyekundu na ya manjano kwa kuangalia. Maneno hayo yako nje ya kitambaa, hayatafika kwenye kanga. Ambatisha na picha moja ndogo ya mchoro mzima wenye rangi zake zote, imetoka kwenye faili la mchoro, na mwambie mchapaji aiweke mbele yake anapochanganya wino.